Njia Tambarare Kando ya Maji



Septemba mwaka 2025 wapenzi wa baiskeli duniani kote walikuwa wakiitazama Kigali. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa yamefika Afrika kwa mara ya kwanza, na Rwanda iliwapa wageni kile ilichojaliwa kwa wingi, yaani vilima. Siku ya mwisho, tarehe 28, wanaume walipangiwa kilomita 267.5, na ukijumlisha kila mahali walipopanda unapata zaidi ya mita 5,400. Walioanza walikuwa zaidi ya 160, waliomaliza 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia akaondoka na jezi ya bingwa, na upande wa wanawake jezi hiyo ilichukuliwa na Magdeleine Vallieres wa Kanada. Redio zetu zilisimulia vilima vile kwa wiki nzima, na ilikuwa haki.

Leo naomba tushuke bondeni.

Mashariki mwa jiji hilohilo, si mbali na uwanja wa ndege wa Kanombe, kuna bonde liitwalo Nyandungu. Miaka iliyopita bonde hilo lilikuwa limechakaa. Watu walilima mpaka kwenye mkondo, mifugo ikachungwa humo, taka zikatupwa. Kazi ya kulirudishia uhai ilianza mwaka 2016, na Julai 2022 likafunguliwa kwa wananchi likiwa bustani ya ardhi oevu yenye hekta zipatazo 120. Ilipandwa miti 17,000 ya aina 55 za asili. Yakachimbwa mabwawa ya kupokea maji ya mvua yanayoporomoka kutoka vilimani, ikatengwa sehemu ya mimea ya dawa, na katikati ya hayo yote zikapitishwa njia za kutembea na za baiskeli zenye urefu wa kilomita 10 hivi. Mwaka huohuo Kigali ikatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa mmoja wa miji inayotunza ardhi oevu zake. Huo ndio mkataba wa kimataifa wa kulinda vinamasi, mabwawa na maeneo ya majimaji, uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran.

Kilomita 10 ni kitu kidogo kwa Pogačar. Kwa mama wa makamo ambaye hajapanda baiskeli tangu alipokuwa shule ya msingi, ni mwanzo wa maisha mengine. Na sababu ya yeye kuweza kuanza ni moja: pale chini ni tambarare.

Tuipime hiyo tambarare kwa hesabu, maana wengi wetu tunaijua kwa miguu tu. Chukua mtu na baiskeli yake, jumla kilo 80, anakwenda kilomita 10 kwa saa, mwendo wa kawaida wa mtu asiye na haraka. Kwenye lami tambarare isiyo na upepo, nguvu inayotoka miguuni ni wati 20 hivi. Mpandishe sasa kwenye mlima wa asilimia tano, yaani kila mita 100 za barabara anapanda mita tano, mlima ambao dereva wa gari hata hautambui. Kwa mwendo uleule anahitaji wati karibu 130, zaidi ya mara sita. Wati 20 anazo bibi yako. Wati 130 kwa nusu saa ni kazi ya mtu aliyezoea.

Ndiyo maana nchini Rwanda abanyonzi, vijana wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli, utawaona wanashuka na kusukuma kila barabara inapoinuka. Ndiyo maana pia baiskeli zimejaa Shinyanga, Tabora na uwanda wa Kano nje ya Kisumu, kuliko zilivyo katika miji ya vilima. Hali ya ardhi ndiyo inayoamua nani ataendesha. Penye mlima huendesha kijana mwenye mapafu. Penye tambarare huendesha mzee, mtoto, mjamzito, na mtu aliyefungasha gunia la mkaa kwenye karia.

Ninalo ombi: unapofikiria habari hii, mkumbuke pia asiyeweza kutumia miguu. Kwa miaka mingi, kati ya Goma na Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, wafanyabiashara wenye ulemavu wamekuwa wakivusha mizigo mpakani kwa baiskeli za matairi matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Wamelisha familia na kusomesha watoto kwa kazi hiyo. Baiskeli kama ile ikiwa na shehena haipandi mlima bila watu wa kuisukuma. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba njia tambarare ya baiskeli ni starehe ya wenye nafasi, namwomba aende akaitazame mikono ya watu wale.

Tambarare yenyewe imetoka wapi? Imetengenezwa na maji. Mvua inaponyesha kilimani, maji hushuka kwa kasi yakibeba udongo. Yakifika bondeni mwendo unapungua, na maji yanayokwenda polepole hayana nguvu ya kubeba, basi yanauacha udongo palepale, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka. Penye shimo panajazwa, penye kinundu panafunikwa. Mafunjo na matete yanaota, yanazidi kuyapunguza mwendo maji, na majani yao yakifa yanaongeza tabaka lingine. Baada ya maelfu ya miaka unapata uwanda unaoonekana kana kwamba mtu ameupima kwa timazi. Ukingo wa ziwa nao ni hivyohivyo: maji yalipanda zamani, yakashuka, yakaacha sakafu.

Kwa hiyo kila mwendesha baiskeli anayefurahia barabara iliyonyooka kando ya ziwa au kinamasi anafurahia kazi iliyofanywa na maji, na maji hayo bado yako kazini. Hapa ndipo nilipotaka tufike. Njia ya namna hii ikijengwa bila kuyajali maji, itayaua yale yaliyoifanya iwezekane, kisha maji yatairudia na kuivunja.

Tuvuke bahari kidogo, twende kusini kabisa mwa jimbo la Florida, Marekani, kwa sababu huko kuna mfano ambao sijaona unaoushinda. Kuna eneo kubwa la ardhi oevu liitwalo Everglades. Ukilitazama kutoka juu unadhani ni mbuga ya majani. Kwa kweli ni mto, mto mpana mno na wa kina kifupi mno, ambao ardhi yake inainama sentimita tatu tu hivi katika kila kilomita. Maji yanasogea katikati ya majani taratibu kiasi kwamba mtu aliyesimama pale haoni mwendo wowote. Mwaka 1947 mwandishi Marjory Stoneman Douglas alitoa kitabu kilichowafundisha Wamarekani kuuona mto ule kama mto, na mwaka huohuo hifadhi ya taifa ya Everglades ikazinduliwa.

Ndani ya hifadhi hiyo kuna sehemu iitwayo Shark Valley. Pana njia ya lami ya mzunguko, maili 15, yaani kilomita 24. Magari ya watu binafsi hayaruhusiwi kabisa. Wanaopita ni waendesha baiskeli, waenda kwa miguu na magari ya wazi ya kuwatembeza wageni. Katikati ya safari kuna mnara wa kupanda na kutazama. Njia haina mkato: ukishaingia, ama uzunguke mpaka mwisho ama urudi ulikotoka. Kivuli ni nadra, maji ya kunywa unabeba mwenyewe. Msimu mzuri ni wa kiangazi chao, Desemba mpaka Aprili. Msimu wa mvua maji huweza kupanda yakafunika lami, na hifadhi ikaifunga njia mpaka yashuke.

Wenyeji wa njia ile ni mamba, wa jamii ya aligeta, wenye pua butu kuliko mamba wa Ziwa Victoria na Mto Mara. Asubuhi za baridi wanatoka majini na kulala ukingoni mwa lami, wakati mwingine juu yake, kwa sababu lami inashika joto la jua na mamba hana joto lake mwenyewe. Mtu anapita na baiskeli, mamba amelala pale, na kanuni ya hifadhi ni kukaa umbali wa mita tano hivi, usimchokoze, usimlishe. Namsikia msikilizaji wa Kisumu au Mwanza akisema hilo kwetu haliwezekani, na anasema kweli. Mamba wetu wa Naili na kiboko ni wanyama wa tabia nyingine. Njia kando ya ziwa letu inahitaji kuachia nafasi kubwa mahali kiboko anapotokea usiku kwenda malishoni, na kufungwa jua linapozama. Hilo si la kubishania.

Lakini sikukuleta Florida kwa ajili ya mamba. Nimekuleta kwa sababu ya barabara mbili.

Ya kwanza ni barabara kuu iitwayo Tamiami Trail, iliyofunguliwa mwaka 1928 kuunganisha Tampa na Miami. Ili kuijenga katikati ya majimaji, walichimba mfereji, wakachukua kifusi cha mfereji na kukirundika pembeni, juu yake wakaweka barabara. Kiuhandisi ilikuwa kazi kubwa ya kutisha. Lakini barabara ilikatiza mto ule kutoka mashariki hadi magharibi, na mto ulikuwa unatiririka kuelekea kusini. Tuta likawa ukuta. Upande wa kaskazini maji yakarundikana, upande wa kusini kukakauka, ndege wakapungua, moto ukaanza kula udongo uliokauka. Ilichukua zaidi ya miaka 80 kuanza kusahihisha. Mwaka 2013 lilimalizika daraja la urefu wa maili moja, kipande cha tuta kikaondolewa ili maji yapite chini. Mwaka 2019 vikamalizika vipande vingine vya madaraja vyenye jumla ya kilomita 3.7. Fedha zilizotumika kuinua vipande hivyo vichache zingejenga barabara nyingi mpya kwingineko.

Ya pili ni hiyo njia ya Shark Valley yenyewe. Upande wake mmoja ulianza kama barabara ya watu waliokuwa wakitafuta mafuta miaka ya 1940. Mafuta hayakuwa ya kutosha, wakaondoka. Mahali ambapo pangeweza kuwa na visima na mitambo, leo wazee wanapita na kengele za baiskeli, watoto wanahesabu ndege. Barabara moja katika ardhi ileile iliziba maji kwa karne nzima karibu. Nyingine imekuwa mlango wa watu kuyaona maji na kuyapenda. Anayeuliza kama lami na kinamasi vinaweza kukaa pamoja, jibu lake liko pale: inategemea lami imewekwa wapi, kwa ajili ya nani, na maji yameachiwa wapi pa kupita.

Wahandisi wetu wanajua namna ya kufanya. Nawasikia mara nyingi wakilaumiwa kwa mambo ambayo walishayaandika kwenye michoro na mtu mwingine akayafuta ili kupunguza gharama. Ardhi ya kinamasi ni laini, inabonyea. Ukimwaga kifusi na kushindilia lami juu yake, mwaka wa kwanza inapendeza, wa pili inakuwa na mawimbi, wa tatu kingo zinakatika. Penye majimaji ya kudumu njia inapaswa kusimama juu ya nguzo, iwe ya mbao au ya zege, maji na samaki wapite chini. Penye majimaji ya msimu, tuta liwe fupi na kalavati ziwe nyingi, kubwa, na zisafishwe kabla ya masika, maana kalavati iliyozibwa na chupa za plastiki ni sawa na kutokuwa na kalavati. Miti ya kivuli ipandwe mbali kidogo na ukingo, mizizi isije ikainua lami. Na njia ya baiskeli itenganishwe na ya miguu, hata kwa mstari wa rangi tu, kwa sababu mtoto mdogo anayekimbilia kipepeo hasikii kengele.

Ubelgiji wamekwenda mbali zaidi. Katika jimbo la Limburg, eneo la mabwawa mengi liitwalo De Wijers, mwaka 2016 walifungua njia ya baiskeli inayopita ndani ya bwawa. Ina urefu wa mita 212 na upana wa mita tatu, imejengwa chini ya usawa wa maji kati ya kuta mbili za zege, na anayepita anayaona maji yakiwa sawa na macho yake, huku na huku, bata wakielea pembeni mwa bega lake. Jimbo hilohilo ndilo lililoanzisha, mwaka 1995, utaratibu wa kuzipa namba njia panda zote za baiskeli. Aliyebuni, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe, na chini ya ardhi njia panda za mgodini zilikuwa na namba ili wachimbaji wasipotee. Migodi ilipofungwa, alizileta namba zile juu kwenye mwanga. Leo mtu anaandika namba tano au sita kwenye karatasi, anapanda baiskeli, anazifuata moja baada ya nyingine mpaka anarudi nyumbani. Utaratibu huo ulienea Ubelgiji na Uholanzi. Unahitaji vibao na rangi, na mtu wa kuvitunza. Hata manispaa maskini inaumudu.

Msikilizaji ambaye anajiandaa kwenda kuendesha Jumapili hii, nisikusahau. Usidhani tambarare haina adui. Adui wake ni upepo. Nguvu ya kuushinda upepo inaongezeka kwa namna inayomshangaza kila anayeanza: ukitaka kuongeza mwendo mara mbili, nguvu ya kupasua hewa inahitajika mara nane. Ndiyo maana kutoka kilomita 15 kwa saa kwenda 20 ni rahisi, na kutoka 30 kwenda 35 ni mateso. Ukikaa nyuma ya mwenzako kwa karibu, anakukinga, na unaokoa robo mpaka theluthi ya nguvu zako. Basi pokezaneni kwenda mbele. Asibaki mtu mmoja anavunja upepo safari nzima.

Kando ya ziwa upepo una ratiba, na wavuvi wanaijua kuliko sisi. Mchana nchi kavu inapata joto upesi kuliko maji, hewa yake inapanda, na hewa baridi ya ziwani inavuma kuja kuchukua nafasi. Usiku mambo yanageuka, upepo unatoka nchi kavu kwenda majini. Alfajiri na asubuhi mapema huwa kumetulia, na hizo ndizo saa za baiskeli. Ukichelewa, anza kwa kuukabili upepo wakati miguu ina nguvu, ili ukurudishe nyumbani ukiwa umechoka. Vaa miwani hata kama jua halijatoka, kwa sababu usubi wa ziwani unakuja kama wingu, na mdudu mmoja jichoni ukiwa kwenye mwendo anatosha kukuangusha.

Jambo jingine la tambarare ni kwamba haikupi pumziko. Mlimani unapanda, kisha mteremko unakubeba bure. Kwenye tambarare huachi kukanyaga hata dakika moja. Unakaa kwenye kiti kwa namna ileile, mikono kwenye usukani ileile, na baada ya saa moja vidole vinakufa ganzi. Simama juu ya pedali mara kwa mara, badilisha mahali pa kushika. Chagua gia nyepesi, miguu izunguke upesi upesi, magoti yako yatakushukuru. Tairi lijazwe upepo vizuri, mnyororo uwe na mafuta. Na usitoke bila kiraka, solusheni na pampu, kwa sababu katikati ya matete hakuna fundi.

Nirudi kwenye maji. Wapo watakaosema kwamba vinamasi ni mambo ya ndege na wazungu, na sisi tuna shida kubwa zaidi. Rwanda ilijifunza vinginevyo kwa njia ya umeme. Kaskazini mwa nchi kuna kinamasi cha Rugezi, ambacho maji yake yanalisha Ziwa Burera, na ziwa hilo linaendesha mitambo ya umeme ya Ntaruka. Kinamasi kilipokaushwa kwa ajili ya kilimo, ziwa likashuka, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mitambo ikakosa maji, miji ikakosa umeme. Serikali ikasimamisha kilimo ndani ya kinamasi na kukirejesha. Uganda nako, kinamasi cha Nakivubo pembeni mwa Kampala kimekuwa kikichuja maji machafu ya jiji kabla hayajaingia ghuba ya Murchison, na ghuba hiyo ndiyo jiji linakochota maji ya kunywa. Kila ekari ya mafunjo inayong'olewa pale kupanda magimbi au kujenga kiwanda inaongeza gharama ya kusafisha maji hayo, na gharama hiyo inaishia kwenye bili ya mwananchi.

Kigali imeendelea. Baada ya Nyandungu, viwanda vilivyokuwa vimejengwa katika kinamasi cha Gikondo vikiwa vimeshahamishwa, jiji limeingia katika kazi ya kurejesha vinamasi vitano, Gikondo na Nyabugogo vikiwamo, na njia za kutembea na za baiskeli zimo katika mpango. Jumapili mbili za kila mwezi baadhi ya barabara kuu zinafungwa magari ili watu watembee, wakimbie na waendeshe. Nayasifia hayo kwa moyo wote. Lakini nasema na hili: waliokuwa wakilima viazi na mboga katika mabonde yale walikuwa watu wenye njaa ya kweli, na bustani inayochukua mahali pa shamba lao inawadai kazi, fidia na mlango ulio wazi. Nyandungu ina kiingilio. Kiingilio ni haki kwa matunzo, mradi mtoto wa mkulima aliyehamishwa asishindwe kuingia alipokuwa akicheza zamani.

Na hili linanifikisha Dar es Salaam. Bonde la Mto Msimbazi kila mwenyeji wa jiji analijua. Masika yakishika, Jangwani panajaa, Barabara ya Morogoro inafungwa, mabasi yanasimama, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa humo bondeni imewahi kufunikwa na maji zaidi ya mara moja. Watu wamekufa pale. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kulitengeneza bonde hilo. Waliojenga katika eneo la mafuriko wanalipwa fidia na kuhama, daraja la Jangwani linainuliwa, mto unapanuliwa, na sehemu ya chini ya bonde imepangwa kuwa bustani ya jiji.

Bustani hiyo ikikamilika vizuri, Dar es Salaam itakuwa na kitu ambacho haijawahi kuwa nacho: uwanda mrefu, tambarare, usio na bodaboda wala malori, katikati kabisa ya jiji, unaoweza kumtoa mtu Magomeni au Kigogo akafika karibu na Upanga na Selander kwa baiskeli, chini ya miti, bila kuhatarisha roho yake. Mwanafunzi atakwenda shule kwa njia hiyo. Muuza samaki atarudi na kapu lake. Mzee aliyeshauriwa na daktari afanye mazoezi atapata pa kufanyia. Na maji yakija, kwa sababu yatakuja, bustani itayapokea kwa siku mbili tatu, njia itafungwa, kisha itaoshwa na kufunguliwa, kama wanavyofanya kule Shark Valley. Njia ya baiskeli inavumilia mafuriko. Nyumba ya mtu haivumilii, wala karakana ya mabasi.

Nawaomba wenye mamlaka wa Dar es Salaam, na wa Kisumu, Mwanza, Musoma, Bukoba, Bujumbura na Kigoma, miji yote iliyopewa ukingo wa maji: mchoro wa bustani ukiletwa mezani, angalieni kwanza maji yatapita wapi, kisha angalieni baiskeli itapita wapi, na msikubali kimoja kifutwe kwa ajili ya maegesho ya magari. Nanyi wasikilizaji, serikali za mitaa huita mikutano ya wananchi kuhusu miradi kama hii, na mara nyingi viti vinabaki vitupu. Nendeni. Ulizeni upana wa njia, idadi ya kalavati, saa za kufungua, na kiingilio ni shilingi ngapi. Dai liandikwe kwenye muhtasari wa mkutano kabla hamjaondoka.